Fungu la Mpishi

Mtu akikwambia kwamba kanga inaweza kumuumiza mtu kwa uzito wake, utamcheka. Lakini Bi Mwatum wa Jang'ombe alifika mahali akamwomba bintiye amwondolee kanga iliyokuwa juu ya mguu wake. Kanga moja, tena kuukuu, iliyofuliwa hata ikawa nyororo. "Iondoe, Shemsa," alisema, "inanivunja." Shemsa alipoinyanyua kwa ncha za vidole, mama yake, mtu mzima aliyezoea kushika vifuniko vya moto kwa mikono mitupu, aliuma mto asije akapiga ukelele majirani wakasikia.

Ngojeni kwanza niwaeleze alikuwa nani, ndipo mtaelewa kwa nini majirani hawakutakiwa wasikie.

Bi Mwatum alikuwa mpishi wa shughuli. Miaka ile ya hamsini, kabla siasa hazijawatenga watu hata kwenye harusi na hitima, hapakuwa na arusi kubwa Jang'ombe ambayo mkono wake haukuingia. Mume alikuwa amekufa zamani, mtoto alikuwa huyo Shemsa peke yake, na nyumba iliendeshwa kwa kazi ya masufuria. Alikuwa na msaidizi wake, Sichana, mwanamke wa Kizimkazi aliyeolewa mjini, mwenye kifua cha kupuliza kuni mbichi mpaka zikawaka. Wawili hao wakisimama uani na miko yao mirefu, watu walijua leo kuna kula.

Wapishi wa mtaa ule walikuwa na ada zao mbili. Ya kwanza ni fungu la mpishi. Ng'ombe akishachinjwa, maini, figo na ulimi haviingii kwenye sufuria ya wageni. Hivyo ni vya mpishi, avile hapo hapo jikoni au avichukue kwake. Ya pili ni kuonja. Kabla sufuria haijafunguliwa, mpishi huchota mbele ya mkubwa wa upande wa bwana harusi, akala tonge, akameza, ndipo akasema karibuni. Chakula cha watu wengi kina maneno mengi, na hasidi hakosekani mtaani. Mpishi akila, kila mtu moyo umetulia. Mpishi asipokula, hata mwenye njaa atajikumbusha kuwa nyumbani ameacha mkate.

Basi Bi Mwatum alikula maini tangu ujana wake. Maini ya kukaanga kwa samli, figo za kuchoma, ulimi wa kuchemsha na ndimu. Alikula akiwa amesimama, akila kwa furaha ya mtu aliyeifanyia kazi riziki yake. Dole gumba la mguu lilipomvimba mara ya kwanza, alidhani ameumwa na siafu. Mara ya pili alikwenda hospitali. Daktari akamtazama, akamwambia maradhi haya yanaitwa jongo, akampa vidonge, akamwambia aache maini na apunguze sana nyama. Bi Mwatum akajibu "naam" kwa adabu zote, akarudi kwake, na wiki ile ile akaitwa kwenye arusi ya Kikwajuni. Sikuambieni alikula nini.

Jongo likapanda. Likatoka mguuni likaingia vidoleni, vidole vikafanya vinundu, kinundu kimoja kikapasuka kikatoa kitu cheupe kama chokaa. Hapo ndipo alipoanza kujificha. Siku zile mtu akionekana ana vidole vya namna hiyo, neno la kwanza lililofika midomoni mwa watu lilikuwa ukoma. Na nani atakula pilau iliyopikwa na mkoma? Alificha mkono chini ya buibui, akawaambia watu ameteguka, akawaambia ameungua, akawaambia kila kitu isipokuwa kweli. Waliojua ni Shemsa na Sichana tu.

Juu ya hayo yote, Shemsa alikuwa amechumbiwa. Kijana mwenyewe akiitwa Machano, fundi seremala, amelelewa na shangazi yake Bi Mashavu, mwanamke wa heshima zake na ulimi wake. Harusi iliwekwa mwezi wa mfunguo sita, maulidi yakishapita. Na Bi Mwatum alikwisha kuapa mbele ya watu kwamba pilau ya mwanawe wa pekee haitoshikwa na mwiko wa mtu mwingine.

Ikaja Idi ya kuchinja. Nyama ilitoka nyumba hii ikaingia nyumba ile, naye hakurudisha sahani ya mtu. Idi haijapoa, alikuwa ameshalala chini, miguu yote miwili na mkono wa kulia. Akawa wa kubebwa kwenda chooni. Vidonge havikushika. Alisomewa, akanywa kombe, akaumikwa pembe mgongoni, akapakwa mafuta ambayo harufu yake peke yake ingemtoa jini. Hakuna. Alfajiri moja akamwita Shemsa akamwambia kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani:

"Nenda kamwambie daktari aukate mguu huu. Na huu wa pili akiutaka auchukue. Mimi nshachoka nao."

Shemsa akakaa chini pale pale akalia. Sichana, aliyekuwa ameleta uji, hakulia. Alisema ana shangazi yake Kizimkazi, Bi Wanu, anayewauguza watu wa viungo. Hana uganga, alisema, wala hapungi pepo. Anawalisha tu, na wengine wanarudi kwa miguu yao. Ila ana ulimi mchafu, Bi Mwatum ajitayarishe.

Wakamtia kwenye gari la abiria, lile la bodi ya mbao, mguu wameulaza juu ya gunia la pamba. Majirani waliambiwa anakwenda kumtazama jamaa mgonjwa. Barabara ya kusini ilikuwa na mashimo yake, na kila shimo Bi Mwatum alilijua kwa jina. Wenzake garini walipozungumza bei za viazi, yeye alikuwa akihesabu minazi ili asizimie. Mahali gari lilipokomea, akapandishwa gari la ng'ombe, akafikishwa uani kwa Bi Wanu akiwa hana tena hata machozi.

Bi Wanu alikuwa mfupi, mkavu, tumbaku shavuni. Hakumwuliza habari ya mjini. Alimfunua miguu, akaitazama, akaishika vidole, kisha akasogeza pua mdomoni kwake kama mtu anayejaribu samaki sokoni.

"Umekula ng'ombe wangapi wewe mwanamke?"

Akamwambia sheria ya nyumba ile, nayo ilikuwa fupi. Chochote kilichokuwa na mama hakiliwi hapo. Nyama haimo, kuku hamo, samaki hamo, pweza hamo. Mayai hayamo, maana yana mama. Maziwa na samli havimo, maana vimetoka kwa mama. Bi Mwatum akasema kwa hasira ya ugonjwa kwamba majani peke yake hayamsimamishi mtu, miguu inataka nguvu. Bi Wanu akatema tumbaku pembeni.

"Huyo ng'ombe unayempika maisha yako yote hajala nyama hata siku moja. Na miguu alikuwa nayo minne, yote mizima, mpaka mlipomkuta nyinyi."

Fikirini basi kijiji cha wavuvi, kila nyumba ina ng'onda waliokaushwa juu ya paa na samaki juu ya mkaa, na katikati yake nyumba moja isiyoingiza hata dagaa. Watu wa pale waliiita nyumba ya majani na kuicheka kwa mapenzi. Bi Mwatum hakucheka. Asubuhi alipewa uji wa mtama usio na kitu ila nazi. Mchana muhogo, kunde, mchicha, mbaazi au choroko. Jioni papai, au viazi vikuu vya kuchemsha. Na maji, maji ya pangoni, kata baada ya kata, mpaka tumbo likawa kama ngoma. Siku za mwanzo kichwa kilimwuma, mwili ukamtetemeka, na akilala akiota maini. Maumivu hayakupungua hata kidogo. Alimwambia Sichana, aliyekuja kumwangalia, kwamba wamemleta huku afe mbali ili wasimwone.

Ikafika siku, harufu ya samaki wa kuchoma ikatoka nyumba ya pili ikamjia pale alipolala. Hakuweza kusimama. Akajikokota kwa makalio, mama yule ambaye mjini watu walimpisha njia, akavuka ua, akafika mafigani kwa jirani, akaomba kichwa cha samaki. Jirani kwa huruma akampa. Akala kichwa. Akaomba na mkia. Akala mkia, akaomba na mchuzi. Alipoinua macho, Bi Wanu amesimama ukutani anamtazama. Hakumpokonya sahani. Alisema tu, taratibu kuliko siku zote:

"Kula, mwanangu. Ila kesho ukilia, lia umefumba mdomo, mie nnataka kulala."

Kesho yake alilia, na mdomo hakuweza kuufumba. Goti lilivimba likawa kama dafu. Siku ile ndiyo aliyojijua. Nyama ilikuwa inamwuma, hilo daktari alikwisha mwambia. Jambo ambalo hakuna aliyemwambia ni kwamba yeye hana tonge moja. Wako watu wanaonja wakaacha. Yeye akionja ataomba na mkia.

Baada ya hapo hakuomba tena. Alikula alichopewa, kwa chuki kwanza, kisha kwa mazoea. Kila siku, maji yakitoka, Bi Wanu alimpeleka pwani akamfukia miguu kwenye mchanga uliokwisha shika jua. Aliporudi alikaa na wanawake waliokuwa wakiponda makumbi ya nazi kupata usumba wa kamba. Makumbi hayo hufukiwa pwani muda mrefu mpaka yakaoza, na harufu yake mtu wa mjini huikimbia. Mwanzo alikaa tu. Kisha akajaribu kupokea gongo la kupondea, akaliachia. Kisha akapiga pigo, akapumzika, akapiga jingine.

Na siku moja aliamka akakuta kanga iko juu ya mguu wake na hakuisikia.

Alikaa akiogopa kusogea. Akauweka mguu chini. Akasimama ameshika ukuta. Bi Wanu alimkuta amesimama vile, uso umelowa, akamwuliza kama ukuta unamwegemea yeye au yeye anauegemea ukuta. Toka hapo alikwenda mbele. Alikwenda mpaka kisimani, akaenda mpaka pwani bila fimbo. Usingizi ukamrudia, ule wa kitoto. Kifua kilichokuwa kikimbana akipanda ngazi kikafunguka. Alianza kusikia utamu wa vitu alivyokuwa akividharau: kunde zikiiva vizuri na nazi nzito, mchicha uliochumwa na umande wake, bungo likiwa limeiva hasa. Mpishi ndani yake akaamka, akawa anamfundisha Bi Wanu namna ya kuunga mbaazi kwa kitunguu na bizari, na Bi Wanu akawa anakula anajifanya hapendi.

Vidole vilinyooka, lakini alama hazikutoka. Vinundu vilibaki, vimekauka, na kile kilichopasuka kiliacha kovu jeupe.

Mfunguo sita ukaingia. Alirudi mjini akishuka garini mwenyewe, na Jang'ombe nzima ikaona Bi Mwatum amekonda, amesimama wima. Walimwuliza jamaa mgonjwa hajambo, akasema hajambo. Uongo ule haukumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba siku ya kupika inakuja, na siku ya kupika ina kuonja.

Wakati wa kuaga Kizimkazi, Bi Wanu alikuwa amemwambia maneno machache tu: miguu hii ni ya mkopo, akirudi kwenye maini itarudishwa kwa mwenyewe. Sichana akasema jambo hilo jepesi, yeye ndiye atakayeonja. Wakakubaliana hivyo.

Siku ya harusi alipika kama hajawahi kupika. Alisimama tangu alfajiri, akageuza mwiko, akanusa, akajua kwa pua chumvi iko wapi. Fungu lake lilipotengwa, maini yakiwa bado yanatoa moshi, akayafunika sahani akamsogezea Sichana bila ya kuyatazama. Mate yalimjaa kinywani akayameza. Nikaha ilisomwa msikitini ikamalizika, wanaume wakala huko upande wa bwana harusi, kwa mpishi wao. Uani wanawake walijaa. Bi Mashavu, shangazi wa bwana harusi, akawekewa kiti karibu na sufuria.

Sichana akatangulia na sahani. Bi Mashavu akamzuia kwa mkono, bado anatabasamu.

"Wewe mwenzangu keti. Mpishi ni huyu. Siku zote nnamwona yeye ndiye anayetufungulia."

Bi Mwatum akasema leo mwenzake atamwonjea. Bi Mashavu akatania kwamba labda mama wa bibi harusi anataka kutuachia sisi sote, asile hata chembe. Watu wakacheka kidogo. Bi Mwatum hakusogea. Kicheko kikaisha.

"Bi Mwatum," alisema Bi Mashavu, na sasa hatabasamu, "kuna nini humo usichokitaka wewe, tukile sisi?"

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Shemsa alikuwa ndani, amekaa na mapambo yake, na kila neno lilimfikia. Mama yake alijua. Alichota. Alilifinya tonge, wali na kipande cha nyama iliyoiva mpaka inaachana yenyewe, akalileta karibu na mdomo. Tonge moja lisingemwua. Lakini sahani ya maini ilikuwa pale chini, imefunikwa, na yeye alijua mkono wake utakwenda wapi likishashuka. Akaona ukuta wa chumba chake. Akaona mto alioutoboa kwa meno.

Akalirudisha tonge sahanini.

"Humu hamna kitu ila nyama," alisema. "Na nyama ndiyo iliyonilaza chini tokea Idi, nikabebwa kwenda chooni na huyu mtoto tunayemwoza leo. Jamaa mgonjwa wa Kizimkazi nilikuwa mimi." Akainyoosha mikono yote miwili, akakunjua vidole wavione. "Hili ni jongo. Si ukoma. Hospitali wanajua, na atakaye akawaulize."

Mngetaka niwaambie kwamba Bi Mashavu aliishika ile mikono akaibusu. Hakuishika. Alirudisha kiti nyuma, si sana. Neno "ukoma" lilikwisha tajwa, na likishatajwa halisikii "si". Mwanamke mmoja akasimama akasema ameacha mtoto anaumwa. Wa pili akamfuata. Sichana akala sahani nzima mbele yao, kwa hasira, wakimwona anameza, na haikusaidia. Bi Mashavu akaaga kwa adabu kamili, akamchukua bibi harusi wao kwa nyimbo fupi, na ile pilau ikabaki. Jioni Sichana akaigawa kwa majirani wachache waliokubali kupokea.

Hakuitwa tena kupika. Hapakuwa na mtu aliyemtukana. Walimwamkia vilevile, shikamoo, marahaba, na walipokuwa na shughuli wakamwita Sichana. Shemsa akawa kwa mumewe, watu wa kule wakimpokea sahani kwa ncha za vidole, naye hakuja kwa mama yake. Bi Mwatum aliuza masufuria makubwa kwa Sichana, akafunga mlango, akarudi Kizimkazi. Alikuwa amejaribu kuishi mjini akashindwa, si kwa njaa, kwa macho ya watu.

Shemsa alikuja msimu wa mabungo, na mimba yake inaonekana. Mama yake alikwenda kumpokea mahali gari linapokomea, mwendo mrefu kwenye jua, akambebea na furushi. Walitembea mpaka walipouona mwembe wa kwanza wa kijiji, ndipo Shemsa akasimama.

"Ungeonja tu, mama. Tonge moja. Kwa ajili yangu."

"Moja ningeliweza," mama akamjibu. "La pili nisingeliweza kuliacha."

Shemsa hakusema amemsamehe, na mama yake hakumwuliza. Alitazama tu ile miguu ya mama yake iliyokuwa mbele, imejaa vumbi, inakwenda. Akamwambia apunguze mwendo, yeye ni mzito, hawezi kumfikia.